Namba Sita, Panda

Wahenga waliposema kwamba mchagua jembe si mkulima, walikuwa wakimsema yule jamaa ambaye mvua imeshanyesha, majirani wameshaingia shambani, naye bado yuko uani anaulizia jembe lenye mpini mrefu zaidi, au lile la mwaka juzi lililomkaa vizuri mkononi. Mkulima wa kweli hushika lililopo akalima, na msimu ukiisha ana mahindi. Methali hii ilizaliwa shambani, lakini anayedhani kwamba inaishia huko hajawahi kukaa kwenye benchi la timu ya mpira wa miguu inayofungwa kila Jumamosi. Mwalimu Mutalemwa alikaa kwenye benchi la namna hiyo karibu msimu mzima, na hiki ndicho kisa chake.

Timu yake iliitwa Sato FC, ya Pasiansi, jijini Mwanza, nayo ilikuwa ikicheza Ligi ya Mkoa. Waliianzisha wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni kule Kirumba, ndiyo maana wakaipa jina la samaki mtamu kuliko wote ziwani. Lilikuwa jina zuri, ila lilikuja na hasara yake. Kila timu ilipofungwa, mashabiki wa timu nyingine walipita Mwaloni wakiuliza kwa adabu zote kama sato wa leo ni wabichi au wameshakaangwa. Msimu ule, zilipobaki mechi tatu, Sato walikuwa wamekaangwa mara kumi na tatu katika mechi kumi na tisa. Walikuwa wa pili kutoka mkiani, na timu mbili za mkiani hushuka daraja.

Kushuka daraja kwa Sato hakukuwa kushuka tu. Bi Wilhelmina, mwenyekiti wa timu, mama mnene muuza sangara ambaye sauti yake ilisikika soko zima bila kipaza sauti, alikuwa ametangaza mbele ya wachezaji wote kwamba wenzake sokoni wamechoka kuichangia. Timu ikibaki kwenye ligi, ataendelea kuwabembeleza. Ikishuka, itavunjwa siku ileile na kila mchezaji atafute pa kwenda. Hakuna aliyedhani kwamba anatania, maana Bi Wilhelmina hakuwa na tabia ya kutania kuhusu jambo lolote lililomkosesha usingizi.

Mutalemwa ndiye aliyeumizwa zaidi na tangazo hilo. Alikuwa Mhaya wa Muleba, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari, na alikuwa na miaka sita Mwanza. Miaka mitano ya kwanza alipita Mwaloni akanunua samaki wake akaondoka, hakuna aliyemjua. Tangu ashike timu, hakuwa akimaliza hatua kumi bila kuitwa, kusalimiwa, kutaniwa na kuulizwa kikosi cha Jumamosi. Watani wake wa Kisukuma walimwita nshomile, neno la kwao wenyewe Wahaya la mtu aliyesoma, naye alijifanya hapendi. Aliipenda timu ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na kuifikiria ikivunjwa mikononi mwake kulimnyima raha hata mbele ya chakula.

Tatizo ni kwamba aliipenda kwa namna yake. Alikuwa amehudhuria kozi ya ukocha, akapata cheti, akakitundika sebuleni mahali ambapo hata mgeni wa dakika mbili angekiona. Kwenye kozi alifundishwa mifumo kadhaa, lakini mmoja ulimwingia moyoni: nne-tatu-tatu. Mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu. Aliuchora kwenye daftari kubwa kwa rula na bikari, na wachezaji wake walikuwa vijiduara vyenye namba. Hata uwanjani hakuwaita kwa majina. Kwenye mpira wetu namba ni kazi: mbili ni beki wa kulia, tano ni beki wa kati, sita ni kiungo anayekaba, tisa ni mfungaji. Ukimuuliza mchezaji anacheza wapi, atakutajia namba kama anayetaja ukoo wake. Mutalemwa alilipenda jambo hilo, maana namba ndiyo lugha aliyoiamini.

Kila alipofungwa, aliliangalia daftari na kuona kwamba daftari halina kosa. Kosa lilikuwa kwa watu. Mfumo wake, aliieleza kamati, unahitaji namba sita wa kupiga pasi ndefu, na Mhoja hana pasi ndefu. Unahitaji namba kumi na moja wa mguu wa kushoto, na hapa kila mtu ana mguu wa kulia. Unahitaji namba tisa mrefu, na huyu tuliye naye ni mfupi. Aliyaandika mahitaji hayo kwenye barua, akaipeleka kwa mwenyekiti, akaandika nyingine baada ya mwezi. Namba tisa mfupi aliitwa Shimba, ambalo kwa Kisukuma ni simba, na maneno yale yalimfikia kabla wino haujakauka.

Bi Wilhelmina aliisoma barua ya pili akiwa amesimama, mikono ikinuka samaki.

"Mwalimu, sisi sokoni hatuchaguliagi ziwa," alisema. "Likitoa sangara tunauza sangara. Likitoa dagaa tunauza dagaa. Wewe unataka ziwa likuletee samaki wa kwenye karatasi."

Mutalemwa alitabasamu kwa heshima na kumweleza kwamba biashara ni biashara na mbinu ni mbinu. Mama yule alirudi kwenye meza yake akaendelea kukata samaki.

Mechi ya kwanza kati ya zile tatu ilikuwa Usagara, kwenye njia panda ya Misungwi. Timu ya pale haikuwa ya kutisha, lakini Sato walikuwa hawajapata bao katika mechi nne, na kwa hali hiyo hata timu ya mabubu ingewatisha. Kabla ya mpira kuanza likatokea jambo. Odeta, mtunza vifaa, dada makini asiyepoteza hata kamba ya kiatu, alikuwa amefua jezi za bluu siku ya Ijumaa, mvua ikashinda inanyesha, na asubuhi zikawa bado zinachuruzika. Akabeba seti ya zamani, nyekundu. Seti hiyo iliwahi kulowekwa kwenye maji ya moto na mtu asiyejua kufua, ikarudi vibaya. Jezi nyingine zilibaki saizi yake, nyingine zilikuwa za kumtosha mwanafunzi wa darasa la tatu.

Basi ikawa kila mtu achukue inayomwingia. Ngosha, beki wa kati, jitu la watu linalobeba magunia ya dagaa mawili kwa mara moja, aliijaribu namba tano ikakwama mabegani. Iliyomwingia ilikuwa namba sita. Mhoja, nahodha, ambaye siku zote ndiye namba sita, akavaa kumi na nne. Shimba akaponea namba tatu. Mwamuzi alikuwa ameshaanza kuangalia saa, kwa hiyo orodha iliandikwa upya harakaharaka, na Mutalemwa akaitia saini. Aliona kwa macho yake kwamba namba zimechanganyika. Ila mazoea yana taabu, na ulimi wa mtu haupewi orodha mpya kwa dakika tano.

Dakika ya sabini Usagara walikuwa wanaongoza bao moja kwa bila. Sato walikuwa wakipigiana pasi nyuma kama watu wanaopokezana mtoto anayelia. Mutalemwa alishindwa kuvumilia. Alisimama, akamtazama Mhoja aliyekuwa amejibana katikati ya uwanja, akaweka mikono mdomoni.

"Namba sita, panda! Panda!"

Mhoja hakugeuka, kwa kuwa mgongoni alikuwa na kumi na nne. Aliyegeuka ni Ngosha. Tangu aanze kuichezea Sato, Ngosha hakuwahi kuvuka mstari wa katikati isipokuwa wakati wa kubadilisha magoli. Alilitazama benchi, akajigusa kifua kuuliza kama ndiye yeye. Mutalemwa, macho yake bado yako kwa Mhoja, akazidi kupiga kelele za panda, panda. Ngosha alikuwa mtu mtiifu. Akapanda.

Aliingia kwenye eneo la Usagara kama ng'ombe aliyeingia dukani. Mabeki wa pale walitazamana, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole, maana hakuna aliyekuwa ameambiwa amkabe mtu huyu. Krosi ikatoka kulia, haikuwa hata nzuri. Ngosha akaruka peke yake, akaupiga kichwa, mpira ukaenda nyavuni. Mechi ikaisha bao moja kwa moja. Ilikuwa pointi ya kwanza ya Sato katika mwezi mzima, na wachezaji walimbeba Ngosha hatua tatu kabla ya kumshusha kwa sababu ya uzito.

Jumatatu Mwaloni nzima ilikuwa inazungumzia mbinu ya mwalimu. Kumpandisha beki wa kati dakika ya sabini, watu walisema, hiyo ni akili ya kusoma. Mutalemwa hakusema uongo. Hakusahihisha tu. Kila alipopongezwa aliinamisha kichwa kidogo, na baada ya kupongezwa mara kumi alianza yeye mwenyewe kuamini. Alifungua daftari, akafuta vijiduara vya zamani kwa kifutio, akachora vipya. Namba tano ikapewa mshale mrefu wa kwenda mbele. Namba sita ikawekewa duara zito la kubaki mahali pake katikati, isisogee, isubiri mipira inayorudi. Akaandika chini yake kwa herufi kubwa: MFUMO MPYA. Alilala vizuri kuliko siku zote za msimu ule.

Mechi ya pili ilikuwa dhidi ya timu ya Magu. Habari za mpira hazina breki, na watu wa Magu walikuwa wameshasikia kuhusu jitu linalopanda. Dakika ya kwanza tu Ngosha alipovuka katikati, alikuta wawili wanamsubiri, mmoja mbele, mmoja nyuma. Alipoteza mpira. Mpira ukapigwa moja kwa moja mahali alipotoka, pakiwa pamebaki tundu ambalo ungeweza kupitisha gari la samaki. Bao. Alipanda tena kama alivyoagizwa, akapoteza tena, tundu likawa lilelile. Mutalemwa alikuwa na daftari mapajani na mshale ulikuwa ukisema apande, kwa hiyo aliendelea kuagiza apande. Sato walifungwa matatu bila majibu. Safari hii hakuna aliyekwenda Mwaloni kuuliza kuhusu sato wa kukaangwa. Walionewa huruma, na huruma ilimchoma Mutalemwa kuliko utani wote wa msimu.

Ikabaki mechi moja, uwanjani Kirumba, dhidi ya Tai wa Igoma, vinara wa ligi. Sare isingetosha. Ilikuwa kushinda au kuvunjwa. Bi Wilhelmina hakumgombeza mwalimu. Alimpa mkono, akamwambia wataonana Jumamosi, akaenda zake, na Mutalemwa akajua kwamba mama yule ameshaanza kuiaga timu moyoni mwake.

Siku mbili alikaa na jambo moja lililokuwa likimkereketa. Ngosha alipanda Usagara, tundu likabaki, lakini Usagara hawakufunga. Alipanda dhidi ya Magu, wakafungwa matatu. Katika hisabati, ukifanya jambo lilelile ukapata majibu mawili, basi kuna kitu hukukihesabu. Jumatatu jioni alikwenda Mwaloni kumtafuta Mhoja, ambaye kazi yake ni kutengeneza injini za mitumbwi. Alimkuta amechuchumaa mbele ya injini iliyofunguliwa, mafuta hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mwalimu," Mhoja alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Mhoja, kule Usagara, Ngosha alipopanda, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilishuka. Nilikaa kwake."

"Nani alikwambia ushuke?"

Mhoja aliokota spana. "Hakuna. Niliona pako wazi."

"Na Jumamosi mbona hukushuka?"

"Jumamosi uliniambia nisishuke, mwalimu."

Alilisema bila lawama, akifuta spana kwa kitambaa. Mwezi baada ya mwezi Mutalemwa alikuwa amemlilia mwenyekiti amletee namba sita, kumbe namba sita anayeona pako wazi bila kuambiwa alikuwa naye tangu mwanzo, na alichofanya yeye ni kumchorea duara na kumfungia humo. Aliona aibu kweli. Hakuificha pia. Alimwambia Mhoja kwamba ile ya Usagara haikuwa mbinu, ilikuwa makosa ya jezi, na kwamba kumpandisha Ngosha ndiyo sehemu ndogo aliyoiona, ile kubwa hakuiona kabisa.

"Sisi tulijua ni jezi," Mhoja alisema. "Ila watu walikuwa wanakusifu, tukaona tunyamaze."

Jumanne mwalimu alifika mazoezini mikono mitupu. Wachezaji waliangalia kwapani kwake, hawakuona daftari, wakadhani amekuja kuaga. Badala yake aliwaambia wavue jezi za mazoezi zote zenye namba, wabaki na fulana zao za nyumbani. Halafu akaanza kuwaita kwa majina, na hapo fedheha ikajionyesha hadharani, kwa sababu alipofika kwa beki wa kushoto alikwama. Alimjua kama namba tatu kwa miezi tisa.

"Yakobo," yule beki alimsaidia, na wenzake wakacheka mpaka mwalimu naye akacheka.

Wiki hiyo walicheza chandimu, mpira wa mtaani, usio na mfumo wala mipaka ya kueleweka. Sheria ilikuwa moja tu: mwenzako akitoka mahali pake, aliye karibu aingie. Kila mwalimu alipopuliza filimbi, watu walibadilishana: beki anakuwa winga, winga anakuwa kiungo. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu, watu wanagongana kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Siku ya pili vurugu ikapungua. Siku ya tatu Mutalemwa akaanza kuona vitu ambavyo daftari halikuwahi kumwonyesha. Yakobo ana krosi. Ngosha anajua kumlindia mpira mwenzake. Mhoja anaona tatizo kabla halijafika, kama mtu anayesikia injini itaharibika kesho.

Aliyegoma ni Shimba. Filimbi ilipompeleka nyuma, alisimama katikati ya njia mikono kiunoni, akasema mbele ya wote kwamba yeye ni mtu wa mabao. "Timu ikivunjwa, mimi nitatafutwa na nani, mwalimu? Watu wanamtafutaga mfungaji. Nikikaa nyuma nani atanijua?"

Lilikuwa swali la haki, na kocha wa miezi tisa iliyopita angelijibu kwa kumtoa nje. Mutalemwa alimwendea karibu.

"Niliandika kwamba wewe ni mfupi," alisema. "Ulisikia, najua ulisikia. Nilikosea, Shimba. Kasi yako ipo, ni mimi niliyekuwa sijui niitumieje. Sikulazimishi kukaa nyuma. Nakuomba ukiona pako wazi, usiangalie mgongoni kwako imeandikwa nini."

Shimba aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Lakini Alhamisi, mpira ulipopotea mbele, alionekana akiukimbiza hadi kwenye lango lao wenyewe, akaunyang'anya, akaupiga nje kwa hasira.

Jumamosi Kirumba ilijaa. Watu wa Igoma walikuja na ngoma, watu wa Mwaloni walikuja na aproni zao kwa kuwa walitoka moja kwa moja mezani. Tai walianza kwa kishindo, wakapata bao dakika ya ishirini kupitia winga wao wa kulia, kijana mwenye kasi aliyempita Yakobo kama amesimama. Upande wa Mwaloni watu walikaa chini. Mutalemwa alitazama dakika tano nyingine. Kisha alimwita Mhoja pembeni ya mstari, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba winga yule anakula upande mmoja, hivyo Yakobo apewe msaidizi, na kati wabaki wachache lakini wasikae mahali pamoja. Hakutaja namba hata moja. Mhoja aliitikia kwa kichwa, akarudi ndani, akaanza kuwaelekeza wenzake kwa majina. Yule winga hakupita tena.

Kipindi cha pili upepo wa ziwani ulikuwa ukiwapiga Tai usoni, na mipira yao mirefu ilikuwa ikirudi kama malipo ya ubaya. Ngosha alipanda mara moja, Mhoja akashuka papo hapo. Tai wakamkimbilia Ngosha wawili, kama Magu walivyofanya, lakini safari hii Ngosha hakutaka kufunga. Aliusukuma mpira kwa kifua pembeni, na Shimba akautia wavuni. Moja kwa moja. Aproni zilipepea jukwaani na ngoma za Igoma zikapoteza mdundo kidogo.

Dakika ya sabini na nane Yakobo aliumia kifundo cha mguu. Mwalimu alikuwa ameshatumia nafasi zake zote za kubadilisha wachezaji. Yakobo akatolewa kwa machela, Sato wakabaki kumi, sare haisaidii, na upande wa kushoto wa nyuma ukabaki wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Mutalemwa aliinuka. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka, na ulimi, mazoea yale yale, ulikuwa ukitafuta namba ya kuitaja. Kabla hajaipata akaona mtu mfupi anatoka kule mbele kabisa, anakimbia uwanja mzima kurudi nyuma, anasimama alipokuwa Yakobo. Alikuwa Shimba, mtu wa mabao, na timu inahitaji bao.

Mashabiki wa Mwaloni walimzomea. Walimwambia apande, wakamwita mwoga, wakamwuliza kama amesahau lango la wapinzani liko wapi. Shimba hakugeuka. Winga wa Tai alimjia mara moja, akamnyima njia. Alimjia mara ya pili, akampiga chenga, lakini Shimba alikuwa na kasi, akamfikia tena na kumtoa nje na mpira wake. Mutalemwa aliketi chini taratibu. Alijua kusimama pale kulimgharimu nini yule kijana, na machozi yalimlengalenga, naye akayaacha.

Dakika ya themanini na sita winga alikuja mara ya tatu, amechoka. Shimba aliuchukua mpira safi. Mbele yake palikuwa na uwanja mtupu, kwa sababu beki wa Tai aliyepewa kazi ya kumkaba alikuwa bado amesimama kule mbele, akimsubiri arudi alikomzoea. Shimba akakimbia. Alipita katikati, akampita wa kwanza, na Ngosha, badala ya kupanda, akabaki nyuma kumlindia. Winga wa kulia wa Sato akaingia ndani kuwavuta mabeki, na Mhoja, ambaye hakuna aliyemkumbuka, akatokea mahali walipotoka. Krosi ya Shimba ilimkuta vibaya. Ilimgonga Mhoja gotini, mpira ukadunda mara mbili, ukaingia taratibu kama mgeni asiye na haraka. Mabao mawili kwa moja.

Zilizobaki zilikuwa dakika za kukaba, na kila mtu alikaba, wengine wakiwa sehemu ambazo hawakuwahi kucheza maishani. Filimbi ya mwisho ilipolia, wauza samaki waliingia uwanjani na aproni zao, na Bi Wilhelmina alimkumbatia Shimba kwa nguvu hadi miguu ikaacha ardhi. Sato walikuwa wamebaki. Mutalemwa alisimama kwenye mstari akiwatazama, na hakumbuki hata leo kama alikuwa anacheka au analia.

Kocha wa Tai alimjia kumpa mkono. Alikuwa muungwana, na ubingwa alikuwa ameshaupata wiki mbili kabla, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake. Alisema kwamba kipindi kizima cha pili alikuwa akihesabu mabeki wao, viungo wao na washambuliaji wao, na kila alipomaliza kuhesabu, hesabu ilikuwa imebadilika.

"Ule ulikuwa mfumo gani, mwalimu?"

Mwalimu wa hisabati alifungua mdomo kutaja namba, akaona hana hata moja. Aligeuka akawatazama watu wake: Ngosha ameketi chini anavua viatu, Mhoja anachechemea na goti lake la bao, Yakobo amebebwa na Odeta na mwenzake, Shimba yuko hewani mikononi mwa mwenyekiti.

"Nilikuwa na hawa," alisema. "Hawa tu, ndugu yangu. Nikawatumia."

Makocha wale wawili walipokwenda kuwapongeza wachezaji, ngoma za Igoma zilikuwa zikipigwa kwa heshima ya Sato. Timu iliyoombewa watu wapya msimu mzima ilikuwa imejiokoa kwa watu wake walewale, siku ile tu mwenye kuwashika alipoacha kuwatafutia makosa na kuanza kulima. Ndiyo kusema, wahenga hawakukosea hata chembe: mchagua jembe si mkulima.